Sahani za Bi Rukiya

Sahani ilirudi tupu. Ilikuwa imeoshwa, imefutwa na kufunikwa kwa kitambaa chake cha maua, lakini ndani hamkuwa na kitu, na Bi Rukiya aliifunua jikoni kwake Al Warqa, Dubai, kama anayefunua aibu ya mwenzake mbele ya kadhi.

"Haya, njoo uone," alimwambia mumewe, Aidarus, aliyekuwa akitafuta vijiti vya meno. "Nimempelekea wali wa nazi na nguru, tena kipande cha katikati. Kanirudishia nini? Upepo."

"Hana kitu yule," alisema Aidarus.

"Hata tende moja? Hata ndimu? Bibi yangu kule Unguja alikuwa fukara wa kutupwa, na sahani ya jirani hakupata kuirudisha tupu. Atatia japo chumvi, lakini atatia. Huyu kalelewa wapi?"

Aidarus hakujua Marhun kalelewa wapi. Alipata kijiti chake akarudi sebuleni.

Desturi hiyo ni njema na hapana mtu wa pwani asiyeijua. Jirani akikuletea chakula, chombo chake hukirudishi kitupu, hata kama utatia mayai mawili au fungu la mchicha. Watu wetu waliivusha bahari desturi hii hadi Dubai, wakapata uraia, wakapata majumba yenye malango yanayofunguka yenyewe, na hawakuitupa. Waliyoshindwa kuyabeba ni mengine, kama vile kumwonea haya mgonjwa na kutokula cha mtu.

Huyo asiye na adabu, Marhun, alikuwa mpangaji. Alikaa chumba cha nje kilichojengwa ubavuni mwa lango kwa ajili ya dereva, ambacho Bi Rukiya alikiita mulhaq ili kisikike kama nyumba. Naye asili yake Unguja. Aliendesha basi la shule miaka mingi mpaka sukari ikamla mguu wa kulia, kisha wa kushoto, na sasa alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu. Serikali ilimpa ruzuku ya ulemavu kila mwezi, lakini hakupata kuishika. Alipokuwa hospitali, nusu yupo nusu hayupo, aliwekewa karatasi ya uwakili akaipiga dole gumba, na tangu siku ile kadi yake ya benki ikawa inalala mfukoni mwa Thamer, mtoto wa marehemu dada yake. Thamer ndiye aliyemtafutia chumba, ndiye aliyetia saini mkataba, na ndiye aliyelipa kodi.

Mkataba wenyewe Marhun hakuusoma, maana hapana aliyemwonyesha. Ulisema mpangaji atapewa chumba, umeme na milo mitatu kwa siku. Ofisi ya ustawi wa jamii iliikubali ile kodi kubwa kwa sababu ya hiyo milo. Fedha ya milo Thamer na Bi Rukiya wakaigawana nusu kwa nusu, na milo haikuwapo. Kilichokuwapo ni sahani, mara moja moja, chakula kikizidi au Bi Rukiya akimkumbuka Mungu wake, akampelekea mlemavu wa watu kwa ajili ya thawabu. Kisha akakaa akisubiri sahani irudi na kitu.

"Basi mie nimekoma," alisema, akiipachika sahani kabatini kwa kishindo. Bangili yake mpya, ambayo kwa kweli ilikuwa chakula cha Marhun cha miezi kadhaa, iligonga mlango wa kabati. "Shukrani ya punda mateke. Sipeleki tena."

Hakupeleka tena, na angeendelea hivyo hivyo, lau Thamer asingepiga simu.

*

Thamer alikuja jioni ya siku aliyopiga simu. Alikuwa kijana wa kandura, ile kanzu nyeupe ya Kiarabu, isiyojua kukunjamana, mwenye manukato yanayotangulia mlangoni kabla yake na gari ambalo benki bado inalidai. Alikaa sebuleni, akanywa kahawa ya watu, akasema kwamba Alhamisi inakuja mwanamke kutoka ofisi ya ustawi.

"Ni ukaguzi wa kawaida tu. Anatazama chumba, anauliza mzee anakula nini, anaondoka. Yalla, khalas."

"Anakula nini?" aliuliza Aidarus. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua.

Wenzake wawili walimtazama.

"Anakula vizuri," alisema Thamer. "Si ndivyo, Bi Rukiya?"

"Anakula kuliko sisi wallahi."

Ukweli ni kwamba Marhun alikula mkate wa kukata na tuna ya kopo. Thamer aliwaambia wenye bakala, duka la vyakula la mtaani, wamshushie mjomba wake boksi moja kila wiki, likabebwa na baiskeli, na jambo hilo alilisimulia kwa watu kama hisani kubwa. Mgonjwa wa sukari akawa anakula mkate mweupe asubuhi, mchana na jioni, na kila aliyekuja kumwona alimwambia alhamdulillahi.

"Kuna jambo la AC," alisema Thamer. "Ile inalia tu, haipozi. Mwanamke akiingia akatoka jasho, atauliza."

"Basi leta fundi," alisema Bi Rukiya.

"Mimi nilete fundi? Nyumba ya nani?"

"Na mjomba wa nani?"

"Mimi si mwenye mali, Bi Rukiya."

"Wala mie si mwenye mgonjwa."

Walibishana mpaka kahawa ikaisha. Mtu asiyewajua angedhani wanazozania shamba. Mwishowe waliafikiana kwamba fundi atalipwa kwa fedha ya mwezi ujao ya Marhun mwenyewe, na wote watatu wakaridhika. Aidarus hata alisema kwamba mambo yakizungumzwa hayaharibiki.

*

Kabla ya kuondoka, Thamer alipita chumba cha nje. Alisimama mlangoni, kwa kuwa ndani palikuwa na joto na alikuwa na miadi mahali.

"Khali, mjomba wangu, Alhamisi kuna mgeni. Atakuuliza uliza. Wewe sema uko sawa."

Marhun alikuwa kwenye kiti chake, karibu na dirisha, na feni ya mkononi. "Na kadi yangu, mwanangu?"

"Tumeshazungumza habari ya kadi."

"Ubaid amepata chumba cha chini Satwa, nyuma ya mafundi cherehani. Kina nafasi ya vitanda viwili. Tuliendesha mabasi pamoja, ananijua, na pale chini hapana ngazi. N'nachotaka ni kadi yangu tu, nilipe mwenyewe, n'nunue mwenyewe. Sitaki zaidi."

"Ukitaka kadi," alisema Thamer, akitazama simu, "nitasema ofisini kwamba nimeshindwa kukuhudumia. Watakutia kwenye nyumba ya wazee, huko wanakupangia hata saa ya kwenda choo. Unataka hivyo?"

Marhun aliiweka feni mapajani. Kitu alichokiogopa kuliko kifo ni mtu asiyemjua kumbeba chooni, na Thamer alilijua hilo vizuri kwa kuwa aliambiwa siku mzee alipolia hospitali. Siri ile alikuwa akiitumia kama mtu anavyotumia funguo.

"Nimekulea, Thamer."

"Ndiyo maana nakuangalia. Basi Alhamisi utasemaje?"

"Nitasema alhamdulillahi. Sitamwaibisha mtoto wa dada yangu mbele ya watu wa ofisi."

Heshima ya namna hii ndiyo inayowanenepesha akina Thamer duniani kote. Mzee alimwombea dua, kijana akaitikia amina huku akiwasha gari kwa kidude cha mbali, ili akifika alikute limeshapoa.

*

Jumatano Bi Rukiya aliingia mulhaq na Cissy, msichana wa Kiganda aliyemfanyia kazi za nyumba. Tangu Marhun ahamie, hiyo ilikuwa mara ya pili kukanyaga humo. Alileta shuka mpya, zulia la sebuleni, picha ya Makka yenye fremu ya dhahabu, na udi wa kufukizia. Fundi wa AC alikuwa juu ya ngazi. Marhun walimsogeza pembeni na kiti chake kama wanavyosogeza kabati.

"Mwambie ainue mikono nimpime kanzu," alimwambia Cissy, ingawa Marhun alikuwa hapo hapo na masikio yake mazima.

"Mzee, madam anasema uinue mikono."

Marhun aliinua mikono.

Ndipo Bi Rukiya, akifuta rafu ya dirishani, alipoiona sahani ya plastiki ya manjano, iliyopasuka ukingoni. Aliinyanyua kwa vidole viwili. "Hii nini?"

"Ni yangu, madam," alisema Cissy.

"Imefikaje huku?"

"Nilimletea mzee posho, ugali ya kwetu, na maharage kidogo. Kutoka kwa chakula yangu, si ya nyumba."

"Posho! Kwenye plastiki! Watu wa ofisi wakiiona watasema mlemavu analishwa kwenye chombo cha paka. Itoe hapa."

"Amekataa kunipa, madam. Kila siku nakuja kuichukua, anakataa. Anasema hawezi kurudisha tupu."

Bi Rukiya aliangua kicheko, akamgeukia Marhun, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasema naye mwenyewe. "Ala! Kumbe desturi unaijua, Bwana Marhun? Ya plastiki ya mtumishi unaionea haya, zangu za kaure unanirushia hivi hivi?"

"Zako ulikuwa ukituma zidaiwe kabla magharibi, Bi Rukiya," alisema Marhun taratibu. "N'sipate hata muda wa kutafuta kitu. Hii mwenyewe kaniachia. Tafadhali usiitoe, ina deni langu."

Alisema kweli, ila hakusema yote. Kila sahani ya Bi Rukiya aliiosha mwenyewe, kiti kikigonga beseni, akaifuta mara mbili ili japo usafi wake uonekane kuwa ni kitu. Mara nyingine Cissy alipogonga na chakula alijifanya amelala, akaacha wali wa moto urudi ulikotoka, maana hakuwa na hata tende ya kutia na alichoka kuonekana mkosefu wa adabu. Alilala na njaa kwa sababu ya haya. Hayo Bi Rukiya hakuyajua, na angeyajua angesema ni kiburi.

"Deni la posho," alisema Bi Rukiya, akaisukuma sahani ya manjano chini ya kitanda kwa ncha ya ndara. "Cissy, hebu lete udi."

*

Alhamisi mezani kwa Marhun palikuwa na vyombo ambavyo vingetosha harusi ndogo. Palikuwa na biriani ya mbuzi, samaki wa kupaka, mkate wa kumimina, saladi iliyokatwa maua, na embe lililomenywa. AC ilipoza mpaka Marhun akaomba shali. Alivishwa kanzu ya Aidarus iliyombana kwapani, akafukizwa udi, akaambiwa asile mpaka mgeni aje.

Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Kawthar, mwenye abaya isiyo na nakshi na viatu vya raba. Alianza kwa Kiarabu na Thamer, akauliza habari za uwakili na benki, na Thamer akajibu kama maji. Alipomsikia Bi Rukiya akimwita Cissy alete vikombe, alitabasamu.

"Kumbe mwasema Kiswahili hapa? Na mie bibi yangu wa Wete. Nyumbani kwetu mpaka leo lugha ni hiyo hiyo."

"Wacha!" Bi Rukiya alikaribia kumkumbatia. "Mtoto wa Pemba! Si useme mapema, mwanangu? Cissy, toa vile vikombe vizuri!"

Thamer hakufurahi. Mkaguzi mgeni anaogopwa, na anayeogopwa huambiwa machache. Mkaguzi mwenzenu anaambiwa mpaka ya uvunguni. Lakini Bi Rukiya alikuwa ameshavua woga wake kama mtu anavyovua viatu akifika kwao.

Kawthar alivuta kiti karibu na Marhun. "Ami, wanakuangalia vizuri hapa?"

"Alhamdulillahi."

"Chakula unapata?"

"Alhamdulillahi, mwanangu."

"Na fedha yako? Ukihitaji kitu, unapata?"

Marhun alimtazama Thamer, na Thamer akatazama saa yake. "Thamer ni mtoto wa dada yangu," alisema Marhun. "Ananiangalia."

Mwanamke alisubiri kidogo, kama anayemwachia mtu nafasi ya kuongeza neno. Marhun hakuongeza. Alikuwa ameitupa kadi yake, chumba cha Satwa na Ubaid mwenyewe, kwa sababu ya heshima ya kijana ambaye hata kukaa hakukaa. Kawthar aliandika kwenye kishikwambi chake, akakifunika. Ukaguzi ulikwisha hapo. Thamer alishusha pumzi, Aidarus akaanza kuitazama biriani, na laiti Bi Rukiya angemimina kahawa akanyamaza, Marhun angekufa ndani ya chumba kile.

"Mama, Mungu akulipe," alisema Kawthar, akipokea kikombe. "Milo mitatu kila siku kwa mgonjwa si kazi ndogo."

"Mie natafuta malipo kwa Mungu, mwanangu. Kwa binaadamu sitafuti, maana hawana." Bi Rukiya alikaa vizuri. Alikuwa na jambo lake la mwaka mzima, na leo amempata mtu wa kwao wa kumwambia. "Nisiseme sana, mzee yupo hapa. Lakini wewe mtoto wa Wete unazijua ada. Mtu unampelekea chakula kizuri, cha nazi, umekipika kwa mkono wako. Sahani inarudi tupu."

"Bi Rukiya," alisema Thamer, "kahawa yako inapoa."

"Iache ipoe. Tupu, mwanangu! Si mara moja, si mara mbili. Mwaka mzima sijaona tende wala ndimu. Hebu niambie, bibi yako angesemaje?"

Kawthar aliweka kikombe chini. "Bibi yangu angesema ni aibu."

"Ee! Mwambie asikie!"

"Angesema ni aibu, kama chakula ni zawadi." Alikifunua tena kishikwambi, akakisoma kidogo. "Lakini mama, hichi si zawadi. Hapa pameandikwa milo mitatu imo ndani ya kodi. Imelipwa kila mwezi. Mtu akila hotelini, hurudisha sahani na ndimu?"

Aidarus alilifikiria swali lile kwa makini. "Hotelini hawarudishi," alisema. "Hapo kweli."

Uso wa Bi Rukiya ulibadilika rangi. "Mie nasema zile za ziada."

"Za ziada juu ya milo mitatu?"

"Ee. Mara moja moja."

"Na ile mitatu ya kila siku, sahani zake nani anaziosha? Zinakwenda na nani? Jana mchana amekula nini, mama?"

Bi Rukiya alimtazama Cissy. Cissy alikuwa akitazama vikombe. Akamtazama mumewe, akaacha, kwa kuwa alijua hapo hapana msaada. "Jana tulikuwa na shughuli za usafi," alisema.

Kawthar alimgeukia mzee. "Ami, wewe ulijua kwamba chakula unalipia?"

Marhun alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa akizikumbuka zile sahani, beseni na kitambaa cha maua, na maneno ya ahsante aliyokuwa akimtuma Cissy kila mara, akimsihi asisahau kuyafikisha. Alikuwa akiukumbuka wali wa moto aliouacha urudi. Alipoinua uso, hakumtazama mkaguzi wala Bi Rukiya.

"Thamer," alisema. "Nimelipia?"

"Khali, hayo ni mambo ya karatasi tu."

"N'nakuuliza hivi. Kile chakula n'lichokuwa nikikionea haya, kilikuwa changu?"

Thamer alitoa simu yake akaitazama. Manukato yake yalikuwa yamejaa chumba kizima.

Marhun alijisogeza kwa mikono yake miwili mpaka kiti kikagusa meza. Akaivuta sahani ya samaki wa kupaka. Akasema bismillahi, akamega, akala. Hakusema ahsante, hakukaribisha mtu. Alikula kama mwenye nyumba yake, mchuzi wa nazi ukimshuka vidoleni hadi kwenye mikono ya kanzu ya Aidarus, na wote wakasimama wakimtazama.

"Pilipili haipo?" aliuliza katikati ya tonge.

Hapana aliyesogea.

"Bi Rukiya. Pilipili."

Bi Rukiya, binti wa watu, mwenye villa na lango linalofunguka lenyewe, alitoka akavuka ua juani akaenda kuleta pilipili. Alipoirudisha, ilibidi aiweke mwenyewe mezani, kwa kuwa Cissy alikuwa ameshakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuruhusiwa na mtu.

"Bwana Thamer," alisema Kawthar, "kadi ya mzee unayo?"

"Iko nyumbani."

"Nitakungoja uifuate. Au niwapigie wenye kazi hiyo, waje waifuate na wewe."

Kadi ikapatikana mfukoni. Thamer aliiweka mezani, kati ya embe na saladi, akasema kwamba yeye nia yake ilikuwa njema na kwamba ana wanasheria. Kawthar akamwambia wanasheria awalete ofisini, pamoja na hesabu, na kwamba mtu mwenye akili timamu hana sababu ya kushikiwa kadi yake. Marhun aliifuta mikono kwa kitambaa cha maua, polepole, kidole baada ya kidole, kisha akaichukua.

"Mama yako Mungu kamsitiri," alimwambia Thamer. "Hakuiona siku hii."

*

Marhun alihamia Satwa kwa gari la kupakia mizigo la Ubaid, na maboksi mawili na sahani ya plastiki ya manjano mapajani. Zulia, picha ya Makka na shuka vilirudi sebuleni kabla gari halijapinda kona. Ofisi ikaidai fedha ya milo. Thamer alisema hana, na Bi Rukiya akasema hana, mpaka waliposikia neno mahakama, ndipo wote wawili wakawa nazo. Bangili ilirudi kwa sonara ikiwa bado mpya.

Kwenye shughuli za wanawake, Bi Rukiya aliieleza habari kwa namna yake. Alisema alimweka mlemavu wa watu akamlisha mwaka mzima kwa sababu ya Mungu, na mlemavu akamgeuka. Wenzake wakasikitika naye, wakasema dunia imeharibika, tenda wema nenda zako. Na hao sahani zake hawakupata kuzirudisha tupu, kwa hiyo walikuwa na sababu ya kusikitika.

Siku moja kabla ya Ramadhani, lile gari la Ubaid lilisimama nje ya lango. Bi Rukiya aliliona kwenye kamera. Alimwona Ubaid akishuka na kitu kilichofunikwa kwa kitambaa, akakishika kwa mikono miwili kama kinavyoshikwa kitu cha heshima. Akarekebisha mtandio, akampigia kelele mumewe.

"Aidarus! Kajirudi! Si nilikwambia? Mtu hatupi asili yake."

Alitoka mwenyewe hadi langoni, jambo asilolifanya kwa mtu wa gari la mizigo, akanyoosha mikono.

"Salaam alaykum, mama," alisema Ubaid. "N'metumwa na Marhun. Yupo Cissy?"

"Lete tu, mie ndiye mwenye nyumba."

"Hapana, ameniambia nimpe mkononi." Ubaid alifunua kidogo. Chini ya kitambaa palikuwa na ile sahani ya manjano iliyopasuka ukingoni, na ndani yake halua nyeusi ya zafarani, imepangwa mpaka ikafanya kilima, na lozi juu. "Anasema ilikuwa na deni. Kaenda dukani kainunua mwenyewe, na kiti chake."

Bi Rukiya alibaki na mikono hewani. "Na zangu?"

"Zako?" Ubaid alishangaa kwa dhati. "Si kazirudisha zote?"

Cissy alipokea halua yake akalia kidogo jikoni, kisha akaacha kulia, akakata. Kwao walimfundisha kwamba kitu kikija nyumbani hakiliwi peke yake. Akachukua kisahani chake cha chai, akaweka vipande viwili, akapeleka sebuleni.

"Madam, karibu."

"Sitaki," alisema Bi Rukiya. Cissy alikiweka mezani akaondoka.

Aidarus alichukua kipande akatafuna akifumba macho. "Halua nzuri," alisema. "Zafarani yake si ya kuchezea. Kumbe yule bwana ana mkono."

Bi Rukiya alikitazama kipande kilichobaki. Aliwasha televisheni, akaizima. Alikitazama tena. Kisha akakitia mdomoni chote kwa mara moja, akalamba kidole, akakokota lozi iliyogandia pembeni kwa ukucha, nayo akaila. Alipomaliza alikichukua kisahani akaenda nacho jikoni, alikokuwa amesimama Cissy, na friji imejaa, na kapu la matunda limejaa, na mikebe ya vileja imepangwa kwenye rafu hadi juu.

Akamrudishia kisahani chake. Kilikuwa kitupu, na hata hakukiosha.